Majibu Kumi na Moja kutoka Simu Moja

11 Februari

Dada yangu mpendwa,

Salamu tele kutoka huku kwenye baridi. Sisi wazima. Wifi yako anakusalimu, na mtoto ameota meno mawili, sasa anauma kila kitu mpaka rimoti. Mama hajambo? Mwambie ile kofia aliyomfumia mjukuu wake imemtosha sawasawa, ingawa mwenyewe akivalishwa tu anaivua na kuitupa. Na binti yako, mitihani imekwendaje?

Naandika badala ya kupiga kwa sababu unatujua kwenye simu: hatujamaliza hata salamu tumeshaanza kugombana nani kamkatiza nani. Na hili nataka ulisome ukiwa umetulia.

Ile kazi niliyokwambia nimepata chuoni ni hii. Tunafanya utafiti wa nchi nyingi kwa pamoja, kupitia mtandao, kwa wagonjwa ambao kinga ya mwili imewageuka. Lupasi, viungo kuvimba, ngozi kukakamaa, magonjwa yote ya jamii hiyo. Mgonjwa anafungua dodoso kwenye simu yake, anajibu maswali ya maumivu, dawa, kazi, usingizi, basi. Majibu yameshaingia kwa maelfu, ila karibu yote ni ya watu wa nchi zenye uwezo. Kutoka kwetu hakuna hata moja. Jumatatu Profesa alisimama mbele ya ramani ukutani, akaweka kidole pale kwetu, akaniuliza, "Hawa watu wako hawaugui?" Wenzangu wakacheka. Na mimi nikacheka, lakini iliniingia.

Ndipo nikakukumbuka. Wewe ugonjwa unao, na kila mwezi unakaa kwenye benchi la kliniki pamoja na wenzako. Nisaidie, Dada. Zungumza nao wajaze. Asiye na simu ya maana mjazie kwenye ya kwako, haina neno. Matokeo yakitoka, wanaopanga mambo ya dawa watayasoma. Mnaumwa kimyakimya mno ninyi. Hii ni nafasi ya kusikika.

Vidole vinaendeleaje? Na usiniambie "vizuri tu".

Mdogo wako,
Kitindamimba

3 Machi

Kwako Kitindamimba,

Vidole vizuri tu.

Mama hajambo, anakohoa kidogo lakini mdomo uko palepale. Picha ya mtoto ameitia kwenye pochi, kila anayepita anaonyeshwa, mpaka mkusanya takataka. Binti amefaulu, ila hesabu kapona chupuchupu. Paa la jikoni linavuja pale pale unapopajua, tumeweka beseni na maisha yanaendelea.

Haya, hilo lako. Nilipolisoma mara ya kwanza nilitaka kukujibu kwamba mimi ni mkalimani wa lugha ya alama, si mpiga debe. Halafu nikawaza ile ramani na kile kidole, nami nikaona uchungu kama wewe.

Siku ya kliniki nikawahi. Daktari alichelewa kama kawaida yake, na safari hii nilimshukuru. Muuguzi wetu, yule mwenye sauti nzito, alitupa ruhusa tukae kwenye kile chumba cha kupimia uzito, akatuachia na chaja. Tulikuwa watu kumi na mmoja. Wenye simu za kufungua mtandao walikuwa wawili, na mwenzangu yake ilizima njiani. Kwa hiyo ikabaki yangu. Kila mmoja alikaa kwenye kiti kando yangu, mimi namsomea swali, ananijibu, nabonyeza. Tulianza asubuhi, wa mwisho akamaliza wakati wafagizi wanapandisha viti juu ya meza.

Sasa nikuulize, nani aliyetafsiri maswali yenu? "Je, katika miezi sita iliyopita umepata mlipuko?" Yule dereva mstaafu, mwenye ngozi iliyokaza, akanijibu, "Mimi sijawahi kulipuka. Tairi ndiyo iliwahi." Mwenzetu mmoja, muuza mayai, akacheka mpaka akashika mbavu. Ikabidi niwaeleze kwamba wanamaanisha ule wakati ugonjwa unapozidi ghafla. "Aa," wakasema, "ugonjwa kuamka!" Hivyo ndivyo tunavyosema sisi, Kitindamimba. Ugonjwa unalala, ugonjwa unaamka. Waambie.

Kuna mmoja nataka umjue. Ni kiziwi, ana lupasi, anapiga pasi kwenye hoteli. Jina lake la alama ni kidole shavuni, kwa sababu ya kishimo alicho nacho akitabasamu, kwa hiyo mimi humwita Kishimo. Kliniki naenda kama mgonjwa lakini akiwepo yeye nageuka mkalimani, maana bila mimi daktari huzungumza na mama yake, kisha mama anampigapiga begani kumwambia mmemaliza. Tulipofika kwenye lile swali la kuyapima maumivu kwa namba, sifuri mpaka kumi, aliisukuma simu kando. Akaniambia kwa mikono, nami nimeandika vilevile kwenye kile kisanduku cha maoni: "Kwa lugha yangu maumivu hayana namba, yana mahali. Naifanya alama ya maumivu pale panapouma. Niulizeni ni wapi, nami nitawaonyesha kila siku mahali papya. Lakini hamuwezi kuniona, kwa hiyo andikeni saba." Nimeandika saba.

Usiku ule sikuweza kufunga vifungo vya gauni la kulalia, binti ndiye alinifunga. Sikwambii ili unihurumie. Ninachotaka ni ujue yale majibu yaliingia vipi.

Alishukuru sana, Kishimo. Hakuna aliyewahi kumuuliza maswali mengi hivyo.

Dada yako

22 Machi

Dada,

Hongera na ahsante isiyo na kipimo! Nimeyaona majibu yameingia, yote kumi na moja, moja baada ya jingine. La Kishimo nimelisoma mara mbili, nikatoka nje kidogo kupunga upepo. Ya dereva pia nimeyaona, kwenye kisanduku cha maoni kaandikisha kuwa chai ya kliniki haina sukari!

Neno "mlipuko" nimeshaliondoa. Tumeweka "kuamka kwa ugonjwa". Profesa kalipenda sana, kasema lina picha. Waambie wenzako hivyo.

Huku mambo yanakwenda mbio. Mtoto anasimama kwa kushika kochi. Mpe Mama pole ya kikohozi.

Kitindamimba

19 Juni

Kwako mdogo wangu,

Kulikoni kimya? Mama kila siku, "Mwanangu hajaandika?" Nimemwambia mna kazi nyingi. Kikohozi kimekwisha, sasa ni goti. Binti ameanza kuvaa viatu vyangu, hivyo ujue amekuwa.

Mimi nimepunguziwa vipindi pale shule ya viziwi. Mwanafunzi mmoja alisema mikono yangu imepata kigugumizi, darasa zima likacheka, nami nikacheka nao kwa sababu alisema kweli. Herufi zinazotaka kidole kikunjike hazikunjiki tena, kwa hiyo majina ya watu nayatamka nusunusu. Mwalimu mkuu ni mtu mzuri. Kaniambia nipumzike "kwa muda". Mahakamani bado wananiita, ila nimeanza kuogopa. Mtu anaweza kufungwa kwa kidole changu kibovu.

Nimeandika kwa ajili ya Kishimo. Kila kliniki ananiuliza, "Wamejibu?" Anadhani mtu fulani huko amekaa anamsoma, na siku moja ataandika. Nimemweleza kwamba utafiti haujibu, utafiti unahesabu. Akasema, "Basi wamenihesabu?" Amevimba uso na miguu, wanasema sasa ni figo. Hotelini walimwachisha kazi maana hawezi kusimama. Niambie kitu kimoja tu nimpelekee. Hata sentensi moja.

Dada

2 Agosti

Dada,

Samahani sana kwa kuchelewa. Tulikuwa tunahama, nyumba mpya ina chumba cha wageni, kwa hiyo Mama sasa hana kisingizio cha kutokuja. Mkataba wangu umeongezwa miaka miwili! Mwambie taratibu, asije akapiga vigelegele majirani wakadhani kuna harusi.

Kuhusu utafiti, mambo haya huchukua muda. Majibu lazima kwanza yasafishwe, halafu yachambuliwe, halafu waandishi wakubaliane. Mimi ni mtu mdogo humu. Wasalimie wenzako wa kliniki na uwaambie mchango wao tunauthamini.

Usifanye kazi nyingi. Nimeona kuna glavu za kupasha vidole joto, nitakutumia.

Kitindamimba

7 Septemba

Mdogo wangu,

Mama hajambo. Binti hajambo. Paa bado linavuja.

Glavu zimefika, zinanibana.

Wiki iliyopita muuguzi aliniita pembeni. Ripoti yenu imetoka, kaipata mtandaoni, tukaisoma pamoja kwenye kompyuta ya mapokezi, yeye akinifafanulia maneno magumu. Ramani ipo, ya rangi, nzuri. Nchi zenye majibu zimepakwa buluu. Sisi tumeachwa weupe. Muuguzi akasema labda tumekosea ukurasa. Hatukukosea. Chini kuna orodha ya waandishi, na jina lako limo. Na mahali fulani katikati, kwenye maelezo ya tafsiri, mmeandika kwamba wagonjwa husema ugonjwa "unaamka". Neno letu mmelichukua, sisi mmetuacha.

Sikukuandikia wewe kwanza. Nilijua utanipiga chenga. Mwisho wa dodoso kulikuwa na anwani ya Profesa, kwa mshiriki mwenye swali. Mimi ni mshiriki, na swali nilikuwa nalo. Sikumwambia mimi ni nani wako. Nilisema tu mimi ni mgonjwa wa mahali fulani, tulijaza watu kumi na mmoja mwezi wa tatu, tumekwenda wapi?

Profesa wako ni muungwana kuliko nilivyotarajia. Alijibu kesho yake. Alisema mfumo uliona majibu kumi na moja yametoka kwenye simu moja siku moja, ukayaweka kando kwamba huenda ni udanganyifu, mtu mmoja anajifanya wengi. Akasema katika hali kama hiyo huwa hawafuti ovyo, huuliza kwanza. Na walimuuliza msaidizi wao anayetoka upande huo kama anafahamu kikundi chochote cha wagonjwa ambacho kingeweza kuwa kimejaza pamoja. Akaniandikia hivi, nanukuu: "Kwa bahati mbaya mwenzetu hakuwa na taarifa zozote kuhusu watu hao."

Nimesoma sentensi hiyo mpaka imeniganda.

Ulituma ombi wewe. Ulisema asiye na simu nimjazie kwenye yangu, haina neno, kwa maneno yako mwenyewe. Ulimsoma Kishimo ukatoka nje kupunga upepo. Kisha mtu akakuuliza swali moja, nawe ukasema hutujui.

Kishimo tulimzika tarehe ishirini Agosti. Sikutaka kukuambia, nilikuwa nangoja barua yako yenye hiyo sentensi moja niliyoomba. Mpaka wiki ya mwisho alikuwa akiniuliza kama amehesabiwa. Nilimwambia ndiyo. Kwa hiyo umenifanya na mimi mwongo, tena kwa mtu anayekufa, tena kwa lugha ambayo huwezi kudanganya bila kumtazama mtu usoni.

Mama yake anaomba yale maneno aliyoyaandikisha binti yake. Anasema katika maisha yake yote ni mara moja tu mtu aliandika alichokisema, neno kwa neno. Yatafute. Mimi nayakumbuka, lakini anataka yale yaliyofika kwenu.

Dada yako

15 Septemba

Dada,

Nisikilize kwanza, halafu unihukumu.

Kile kikao kilikuwa cha dakika chache. Ilikuwa orodha ndefu, majibu kutoka kila pembe yaliyotiliwa shaka, na mengi kweli yalikuwa ya matapeli. Tulipofika kwenye yenu, mwenzangu mmoja akasema kwa mzaha, "Hawa si ndugu zako hawa, umewapanga?" Watu wakacheka. Profesa akaniuliza kwa uzito. Ningesema nini? Kwamba ni dada yangu wa tumbo moja, kajaza yote kwa kidole chake? Wangesema nimepika majibu. Mkataba ulikuwa mezani mwezi uleule. Wewe hujui inavyokuwa kuwa mtu wa pekee chumbani, kila kosa la kwenu unaulizwa wewe. Ningemwaga unga, na mtoto, na nyumba. Nilisema sina taarifa. Lilinitoka tu. Nikadhani nitalirekebisha baadaye, na kila siku ikawa ngumu kuliko ya jana.

Pole sana kwa Kishimo. Kweli sikujua.

Kuhusu maneno yake, majibu yaliyoondolewa hufutwa kabisa baada ya ripoti kutoka, ndiyo kanuni ya kulinda siri za wagonjwa. Nimetafuta. Hayapo.

Lakini sikia, kuna habari njema. Duru ya pili inafunguliwa Novemba, na safari hii nimepewa niratibu mimi. Nimeomba kliniki yenu iingizwe rasmi. Kila mtu atumie simu yake, hata ya kuazima, na hakutakuwa na shida yoyote. Mtakuwa kwenye ramani. Si lazima tufukue ya nyuma, maana tukiyafukua duru yote itaingia doa na watakaoumia ni ninyi wagonjwa. Profesa akikuandikia tena, nakuomba, Dada, mwache aamini hivyohivyo. Kwa ajili ya Mama, kama si yangu.

Nijibu. Nimekupigia mara nyingi, hupokei.

Kitindamimba

28 Novemba

Kwa Mratibu wa Utafiti,

Nimepokea mwaliko wako wa duru ya pili uliotumwa kliniki, na muuguzi ameniomba nikujibu kwa niaba ya wenzangu.

Niliwakusanya tena kwenye chumba cha kupimia uzito nikawaeleza kilichotokea mara ya kwanza. Sikutaja mtu. Nilisema msaidizi mmoja aliulizwa kama anatufahamu, akasema hapana. Muuza mayai aliinuka akaondoka, akasema hana muda wa kuhesabiwa na watu wanaomdhani jini. Wengine wawili wakamfuata. Dereva mstaafu aliuliza, "Huyo msaidizi ana kwao kweli?" Nilimjibu kwamba sijui. Basi tukabaki saba, na mama wa marehemu, aliyekuja ingawa haumwi. Yeye ndiye aliyetushawishi. Alisema tusipojaza, mwakani tena atatokea mtu aweke kidole kwenye ramani na kucheka. Aliuliza kama anaweza kumjazia binti yake. Nikamwambia utafiti haupokei waliokufa. Akasema sawa, akaketi mpaka wa mwisho akamaliza.

Yale maneno ya binti yake niliyaandika mwenyewe kwa mkono, kwa jinsi ninavyoyakumbuka, nikampa. Mwandiko wangu siku hizi ni wa kutia aibu. Aliyakunja bila kuyasoma.

Tumejaza kwa simu nane. Saba za kwetu na za kuazima, na moja ya muuguzi ya kuhakikishia kwamba majibu yanafika. Mfumo wenu hautakuwa na la kulalamikia.

Uliomba Profesa asielezwe zaidi. Sikumwandikia. Mama yangu ana mwanawe anayefanya kazi chuoni hapo kwenu, anajivunia sana, na kwa umri wake sioni sababu ya kumwambia zaidi ya hayo anayoyajua. Atasafiri kwenda kumwona mwezi ujao. Tiketi ameshatumiwa. Nitamsindikiza mpaka uwanja wa ndege, na hapo nitakuwa nimemaliza wajibu wangu kwa huyo mwanawe. Uliwahi kunipigia mara kadhaa. Tafadhali, mawasiliano ya utafiti yapitie kliniki.

Sasa hivi mkono wa kulia haufungi wala haufunguki. Mahakamani nimeandika barua ya kuacha. Haya yote nimeyajibu kwenye dodoso, sehemu ya kazi, kwa hiyo utayakuta humo kama utayasoma.

Jambo moja tu ambalo pengine litawasumbua wachambuzi wenu, maana wakilinganisha na ya mwanzo, kama ya mwanzo yangekuwepo, wangeona jibu limebadilika. Karibu na mwisho mnauliza: "Ugonjwa unapoamka, je, una ndugu unayeweza kumtegemea?" Mwezi wa tatu nilibonyeza ndiyo, wala sikufikiri. Safari hii nimebonyeza hapana. Sikukosea kitufe. Msiliondoe mkidhani ni kosa.

Wako katika utafiti,
Mshiriki